Aliyeijua Njia: Ramani, Masimulizi na Vitabu vya Shule Zetu

Mwaka 1856 ramani moja ilizua ubishi mkubwa miongoni mwa wanajiografia wa Ulaya. Wachoraji wake, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, walikuwa wamisionari Wajerumani walioishi pwani yetu. Katikati ya bara la Afrika walikuwa wamechora ziwa moja kubwa mno, refu, lililojipinda hata wabishi wakalibeza kuwa ni konokono. Wachoraji hao hawakuwa wamelitia machoni. Erhardt alikuwa amekaa Tanga mwaka 1854 akiwahoji watu wa misafara. Waliopita njia ya Tanga na Mombasa walimwambia kwamba mwisho wa safari yao ni maji mengi. Waliopita njia ya Bagamoyo walisema vivyo hivyo, na wa Kilwa nao hivyo hivyo. Erhardt akayaunganisha maji hayo yote, yakawa ziwa moja.

Leo mtoto wa darasa la tano anajua kwamba yale ni maziwa matatu: Nyanza, Tanganyika na Nyasa. Kila msafiri aliyehojiwa alisema ukweli wa njia yake. Aliyekosea ni mwenye kalamu, na aliyepata sifa ya kurekebisha kosa hilo naye alikuwa mwenye kalamu. Royal Geographical Society ya London iliwatuma Richard Burton na John Hanning Speke mwaka 1856 kwenda kuhakikisha. Safarini walikuwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa Kilwa na kuvushwa hadi India, kisha akarudi Afrika akiwa mtu mzima. Walipofika Kazeh, karibu na mahali ulipo mji wa Tabora, mfanyabiashara wa Kiomani aliyeitwa Snay bin Amir aliwaeleza kwamba kuna ziwa jingine upande wa kaskazini, kubwa kuliko lile la Ujiji. Agosti 1858 Speke alifika Mwanza, akaliona, akalipa jina la malkia wake.

Vizazi kadhaa vya wanafunzi wa Afrika Mashariki vimejibu swali la mtihani linalouliza nani aligundua Ziwa Victoria, na jibu lililopewa alama lilikuwa moja tu. Snay bin Amir hakuwa na nafasi kwenye karatasi ile. Bombay alitajwa kama mtumishi, akitajwa. Wakerewe, Wasukuma, Waganda na Wajaluo, ambao ziwa hilo lilikuwa likiwalisha tangu mababu, walionekana kama sehemu ya mandhari. Nimelianza na ziwa hili kwa sababu linaonyesha wazi jambo ninaloliona kila nikifungua vitabu vya jiografia na historia vilivyotumika katika shule zetu tangu wakati wa Wajerumani. Maarifa mengi yaliyomo yalitoka kwa wenyeji, halafu majina ya wenyeji hao yakafutwa njiani kabla kitabu hakijafika darasani. Kitabu, ramani au kielelezo kinachoficha msemaji wake humzuia mwanafunzi kuuliza, na pasipo kuuliza hakuna somo la historia.

Wenyeji walikuwa na zana zao za kufundishia kabla ya chaki na ubao. Iliyo bora kuliko zote ninazozijua inatoka kwa Waluba wa kusini mashariki mwa Kongo. Inaitwa lukasa. Ni kibao cha mti kinachoshikika mkononi, kilichopigiliwa shanga na simbi, na mara nyingine kikachongwa alama. Wenye elimu yake walikuwa watu wa chama cha Mbudye, waliofunzwa hatua kwa hatua. Msomaji alikishika kibao kwa mkono mmoja na kupitisha kidole cha mkono wa pili juu ya shanga. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo yaweza kuwa mfalme na watu wake, na mstari wa shanga waweza kuwa njia ya uhamaji, mto au safu ya vizazi. Kibao kimoja kilisomwa kwa namna tofauti kulingana na msomaji, wasikilizaji na shauri lililokuwa mbele yao. Jiografia na historia zilikaa pamoja juu ya ubao mmoja, na msomaji alikuwepo, anaonekana, anaweza kuulizwa na kupingwa.

Pwani nayo ilikuwa na mtaala wake. Nahodha na mkulima walihesabu mwaka kwa miongo, kila mwongo siku kumi, kuanzia Nairuzi, na kwa hesabu hiyo walijua majira ya kaskazi na kusi, wakati wa kushusha jahazi na wakati wa kupanda. Miji ilikuwa na tarikhi zake. Ile ya Kilwa ilimfikia mwandishi wa Kireno João de Barros, aliyeitumia katika kitabu chake cha mwaka 1552. Ya Pate ilihifadhiwa kwa kusimuliwa na kunakiliwa hadi karne ya 20. Tarikhi hizi ziliwapendelea watawala walioziagiza, na mwalimu anayezitumia inampasa awaambie wanafunzi hivyo. Hata hivyo kila moja hutaja ukoo na mji wa anayesema, na hilo peke yake linampa mwanafunzi mahali pa kuanzia.

Mwishoni mwa karne ya 19 ulizuka uandishi ambao hadi leo sioni kwa nini haujawa kiini cha masomo yetu. Abdallah bin Hemedi, aliyeishi na kufanya kazi chini ya watawala wa Usambaa, aliandika Habari za Wakilindi, historia ndefu ya ukoo wa Mbega, yule mwindaji aliyekuja kuwa mfalme. Ilichapwa kwa sehemu katika mtambo wa wamisionari pale Magila. Tippu Tip alisimulia maisha yake kwa Kiswahili chake mwenyewe, na Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Ni jiografia ya bara kuanzia Unguja hadi Mto Kongo, pamoja na bei, ushuru, vita na majina ya watemi. Ni sauti ya tajiri wa pembe na watumwa, na wapagazi waliobeba mizigo yake hawasemi humo hata neno moja, kwa hiyo kitabu hiki hakifai kusomwa peke yake.

Wa tatu ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo. Alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki, na maandishi yake kuhusu desturi za Waswahili yalitolewa na Carl Velten mwaka 1903. Kwa maneno mengine, maelezo ya ndani kabisa ya maisha ya pwani, yaliyoandikwa na mwenyeji, yaliwahudumia kwanza Wajerumani waliokuwa wakijiandaa kuja kututawala. Mtoro mwenyewe hakuheshimiwa na baadhi ya wanafunzi wake hao kwa sababu ya rangi yake, akaacha kazi. Alipojaribu kurudi nyumbani na mkewe Mjerumani, wakubwa wa koloni walimzuia mke asishuke melini. Wakarudi Ujerumani, na huko ndiko alikofia mwaka 1927.

Wakati huohuo shule za serikali ya Kijerumani, ya kwanza ikiwa ile ya Tanga, zilikuwa zinatoa makarani na maakida. Pale Tanga ndipo lilipochapwa gazeti la Kiongozi kuanzia mwaka 1904, ambamo walimu na makarani waliandika habari za sehemu zao. Waingereza walipoingia, Idara ya Elimu ilianzisha Mambo Leo mwaka 1923. Mwaka uliofuata ikaja tume ya Phelps-Stokes, iliyopita Afrika Mashariki na kupendekeza elimu inayolingana na mazingira ya Mwafrika. Kwa maneno lilikuwa pendekezo zuri. Kwa vitendo lilikuja na kilimo, ufundi na usafi, lakini mtoto hakufundishwa sababu ya ardhi ya babu yake kuwa shamba la mkonge la mtu mwingine. Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 ikasanifisha Kiswahili cha vitabu, vikachapwa kwa wingi, na msomaji wa Songea akaweza kusoma kitabu kilekile kinachosomwa Mombasa. Faida hiyo ilikuwa kubwa na tunaifaidi hadi sasa.

Baada ya vita kuu ya pili, East African Literature Bureau iliyoanza mwaka 1948 ilifungua mlango kwa waandishi wenyeji. Mathias Mnyampala alitoa historia, mila na desturi za Wagogo mwaka 1954. Petro Itosi Marealle alikuwa tayari ametoa kitabu chake kuhusu maisha ya Mchagga mwaka 1947. Habari za Wakilindi zikachapwa upya mwaka 1962. Vitabu hivi ni hazina, ila vina ufa mmoja. Viligawa watu kwa kabila, kila kabila na kitabu chake, jinsi mkuu wa wilaya alivyopenda kuwaona. Misafara, masoko, ndoa za koo mbalimbali, minada ya chumvi na majembe, mambo yaliyowaunganisha watu hao kwa karne nyingi, yalibaki pembeni.

Afadhali Katanga. Huko, mwaka 1965, chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani kilitoa historia ya mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya sasa, kwa Kiswahili cha mjini. Aliyeiandika anajitaja kuwa ni André Yav. Wapishi na maboi wanasimulia utawala wa Wabelgiji kwa jinsi walivyouona kutoka jikoni. Miaka michache baadaye mchoraji Tshibumba Kanda Matulu akachora historia yote ya Kongo kwa picha zipatazo 100, akizieleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili. Wanafunzi wa vyuo vya ng'ambo wanazijua kazi hizi kuliko wanafunzi wa Kigoma, ambao wakivuka ziwa tu wamefika Kongo.

Uhuru ulikuta vyuo vya dunia bado vinabishana kama Mwafrika ana historia. Mwaka 1963 profesa wa Oxford, Hugh Trevor-Roper, alitangaza hadharani kwamba kilichopo ni historia ya Wazungu barani Afrika tu. Mwaka huohuo Terence Ranger alianza kuongoza idara ya historia Dar es Salaam, na mwaka 1965 wanahistoria wa Afrika wakakutana hapo kwa mkutano wao wa kimataifa. Kule Kenya, Bethwell Ogot aliandika historia ya Wajaluo kwa kutegemea masimulizi ya wazee, akayapa masimulizi hayo heshima ya ushahidi. Isaria Kimambo na Arnold Temu wakatoa historia ya Tanzania mwaka 1969. Miaka mitatu baadaye Tanzania Publishing House ikashiriki kuchapa kitabu cha Walter Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, na mawazo yake yakaingia katika madarasa ya sekondari na kukaa humo hadi leo.

Kwangu mimi, hata hivyo, kazi kubwa ya miaka ile ni mradi wa utafiti wa Maji Maji. Vitabu vya Wajerumani, na vya Waingereza waliowafuata, vilieleza vita vya 1905 hadi 1907 kama wazimu wa watu waliodanganywa na mganga. Gilbert Gwassa alikwenda kuwasikiliza wazee wa Umatumbi na Ngarambe walioviona vita vile kwa macho yao. Mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wa chuo wakatumwa wilayani kuwahoji wengine kabla hawajafariki. Sababu ya vita ikabadilika sura. Wazee walieleza mashamba ya pamba ya lazima, kiboko cha akida, na kazi iliyowatoa watu kwenye mihogo na mahindi yao wakati wa palizi. Walieleza jinsi watu wa Nandete, mwishoni mwa Julai 1905, walivyokwenda shambani kung'oa miche ya pamba, wakijua kabisa kwamba tendo hilo ni tangazo la vita. Walimweleza mganga mwenyewe, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, na jinsi wajumbe wa dawa yake ya maji walivyosambaa kusini. Wajerumani walimnyonga mapema mno, Agosti 4, 1905, na vita vikaendelea bila yeye kwa karibu miaka miwili. Walieleza na njaa, pale askari walipochoma maghala ili wasioweza kupigwa risasi wafe kwa kukosa chakula. Gwassa alikadiria kwamba waliokufa walifika kati ya 250,000 na 300,000.

Hapo majina ya wasemaji yalihifadhiwa. Mahojiano yaliwekwa pamoja na jina la mzee, kijiji chake na siku aliyohojiwa. Ebrahim Hussein akavipeleka vita hivyo jukwaani kwa tamthilia yake ya Kinjeketile mwaka 1969, na tamthilia hiyo ikasomwa shuleni kwa miongo.

Kisha yakatokea yale ambayo nadhani hatujayasema vya kutosha. Habari ile ilipobanwa ili iingie katika kurasa tatu za kitabu cha kiada, wazee walitoweka tena. Ikabaki sentensi moja kwamba makabila yaliungana dhidi ya Mjerumani, ikifuatwa na orodha ya sababu, matokeo, na sababu za kushindwa, tayari kwa kukaririwa. Ukweli wa wazee ulikuwa na mikunjo zaidi. Wahehe hawakujiunga. Ungoni na Ubena kila mtawala alikuwa na hesabu zake. Mkomanile, mwanamke mtawala aliyenyongwa Songea pamoja na wapiganaji, alikaa nje ya vitabu kwa muda mrefu. Kitabu kilichohaririwa na James Giblin na Jamie Monson mwaka 2010 kimefunua mengi ya namna hiyo, wilaya kwa wilaya. Mzalendo hahitaji kuogopa mikunjo hii. Mtoto wa Iringa akiuliza kwa nini babu zake hawakwenda vitani, swali lake ni la kizalendo kama la mtoto wa Kilwa.

Zana za jiografia zilifuata njia nyingine. Baada ya Elimu ya Kujitegemea kutangazwa mwaka 1967, mwalimu alitakiwa ajitengenezee vielelezo, na walimu wa vyuo vya ualimu walikuwa hodari kwelikweli: ramani za manila zilizochorwa kwa kalamu za rangi, milima ya udongo wa mfinyanzi, kipima mvua cha chupa na faneli. Ramani ya dunia iliyotundikwa ukutani, hata hivyo, ilikuwa ileile ya Mercator, inayoifanya Greenland ikaribiane na Afrika kwa ukubwa wakati Afrika, yenye kilomita za mraba kama milioni 30, ni kubwa kuliko Greenland mara 14. Agosti 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuiacha ramani hiyo na kutumia ile ya Equal Earth iliyobuniwa mwaka 2018. Ni hatua ya haki na imechelewa. Ila ramani yaweza kuipa Afrika ukubwa wake halisi na bado ikaufanya msitu wa watu uonekane mahali pasipo na mtu.

Msitu wa Mau, Kenya, umeonyesha njia nyingine. Mwaka 2006, pale Nessuit, jamii ya Waogiek ilitengeneza mfano wa ardhi yao, mlalo na mwinuko. Wanafunzi wa shule ndio walioanza. Walipewa mistari ya kontua, wakaikata kwenye makaratasi magumu, tabaka juu ya tabaka, wakayabandika hadi milima na mabonde yakainuka mezani kwa kipimo cha 1:10,000, yaani sentimita moja ni mita 100 ardhini. Kwa mtoto aliyewahi kuteseka na kontua ubaoni, hilo peke yake ni somo la mwaka mzima. Halafu wakaja wazee wa koo. Kwa pini, nyuzi za sufu na rangi walionyesha mito na majina yake, mipaka ya kila ukoo, mapango, sehemu za kutundikia mizinga, na miti inayotoa maua kwa nyuki katika kila mwinuko. Waliuonyesha msitu jinsi ulivyokuwa miaka ya 1920, kabla haujakatwa na kugawiwa. Wazee walibishana wao kwa wao juu ya mto fulani au mpaka fulani, wakakubaliana, ndipo pini ikachomekwa. Vijana walisimama hapo wakisikia majina ambayo hawakuwahi kuyasikia darasani.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua Mei 26, 2017 kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek kwa kuwafukuza Mau, na Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia. Sidai kwamba mfano ule wa makaratasi ndio ulioshinda kesi. Ninachosema ni kwamba watoto waliokata kontua zile walijifunza jiografia, historia na uraia kwa wakati mmoja, na mwalimu wao mkuu alikuwa mzee wa kijijini ambaye kitabu cha shule hakikuwahi kumtaja.

Dar es Salaam yalifanyika yanayofanana kwa mbinu mpya. Tandale ilichorwa na wakazi wake na wanafunzi mwaka 2011, na kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ukawaingiza wanafunzi wa vyuo vikuu katika mitaa inayofurika, wakiwa na simu mkononi na mjumbe wa nyumba kumi ubavuni. Mjumbe ndiye aliyejua maji ya mafuriko ya mwaka jana yalifika dirisha lipi.

Sasa Tanzania ina somo jipya, Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili hadi sekondari chini ya mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024. Wengi wamelijadili kwa upande wa maadili. Mimi naona jambo jingine. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa kidato cha kwanza alisoma historia kwa Kiingereza. Hata akimhoji bibi yake juu ya operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970, maneno ya bibi hayakuweza kuingia kwenye daftari yalivyo. Sasa yanaweza. Lakini uhuru huo utapotea iwapo kitabu kipya kitakuwa na sauti moja isiyo na jina, kama cha zamani. Mahojiano ya Maji Maji yanangojea kuingizwa kitabuni, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na majina ya wasemaji. Habari za Wakilindi zinangojea toleo la shule lenye ramani ya Usambaa.

Songea kuna makumbusho ya Majimaji yaliyofunguliwa mwaka 1980, na kila Februari 27 watu hukusanyika kuwakumbuka walionyongwa siku hiyo mwaka 1906. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda hapo akaomba msamaha, na familia ya Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani, ingali inalitafuta fuvu la babu yao. Wajukuu na vitukuu wa waliohojiwa miaka ya sitini wapo vijijini, kutoka Ruvuma hadi Rufiji. Darasa moja la kidato cha pili linaweza kuchukua simulizi la mzee mmoja wa wakati ule, likarudi kijijini kwake, likauliza uzao wake unakumbuka nini sasa, kisha likaweka simulizi mbili kando kwa kando na kuandika zinapopishana. Kazi hiyo inahitaji daftari, nauli ya basi na ruhusa ya mkuu wa shule.